Nyanya huita kila kitu gari. Mcheke, lakini soma kwanza

Wiki tatu zilizopita niliposti kavidio ka sekunde arobaini. Sikupanga kitu. Nilikuwa nimeenda Msambweni kumwona nyanya, nikamkuta barazani anachambua mchicha, nikawasha simu. Nikamuuliza, "Nyanya, leo nimekuja na nini?" Akaangalia nje pale chini ya mwembe, tuktuk iliyonileta bado inageuza. Akasema, "Umekuja na gari." Ikapita boda. "Na ile?" "Gari." Jirani akapita na wilbaro imejaa mitungi ya maji. "Na ile je?" Nyanya akanikazia macho, akajua namfanyia mchezo. "Ile nayo gari. Kwani haina gurudumu?"

Manze, ile vidio ilienda mbali kuliko kitu chochote nilichoposti mwaka huu. Wengi walicheka kwa mapenzi, na nyanya mwenyewe nilipomwonyesha alicheka mpaka akatoa machozi. Lakini kuna wale wengine. "Nyanya amekwama 1963." "Mwambieni gari ni gari, tuktuk ni tuktuk." Mmoja akaleta ya watu wa Pwani na uvivu, sijui uvivu umeingilia wapi hapo. Na kuna dogo wa kidato cha tatu aliyeandika kwamba akijibu hivyo kwenye Insha mwalimu atamkata alama zote.

Leo namtetea nyanya. Nikimaliza kumtetea kuna jambo jingine nataka kusema, hilo si la kuchekesha, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Tuanze na neno lenyewe. Gari si neno tulilozaliwa nalo. Limetoka Bara Hindi, limekuja na majahazi na biashara kama yalivyokuja chapati na bima. Kwa Kihindi, gari ni chombo cha magurudumu kinachovutwa. Mkokoteni wa ng'ombe wanauita bail gari. Treni wanaiita rel gari. Ona sisi tulivyosema gari la moshi, akili ni ileile. Kisha Waingereza waliokaa India wakalichukua, wakaliandika "gharry", na kwao likawa hasa gari la farasi la kukodi. Yaani teksi ya wakati ule. Farasi mbele, dereva amekaa juu na mjeledi, abiria nyuma, na bei mnapatana kabla hujapanda, sawasawa na vile tunavyopatana pale Ukunda steji. Kuna kamusi ya maneno ya Waingereza wa India inayoitwa Hobson-Jobson, ilitoka 1886, na gharry imo humo ndani. Siku hizi ukikutana na neno hilo kwenye kitabu cha Kiingereza unajua mara moja hicho kitabu ni cha babu. Kwa Waingereza neno limezeeka na kulazwa. Kwetu unalitamka mara ishirini kabla ya saa sita mchana.

Sasa sikiliza hii. Toka Kenya, vuka Moyale, endelea kaskazini mpaka miji ya Ethiopia kama Bishoftu, kisha tafuta gari. Kule gari ni kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na farasi, kinabeba watu na mizigo mtaani kwa nauli ndogo. Unataka Probox, unaletewa farasi. Majirani kabisa hawa, tunapakana nao, na neno moja huku lina injini na kule linakula nyasi.

Na si sisi peke yetu tunaobeba maneno ya farasi bila kujua. Wewe uliye Nairobi unayesema "nimeita cab", cab ni kifupi cha cabriolet, kigari cha farasi cha Kifaransa. London, zile teksi nyeusi unazoziona kwenye filamu, kwenye sheria bado zinaitwa "hackney carriage", jina la enzi za farasi wa kukodi. Farasi ameondoka zamani sana, karatasi bado inamkumbuka. Mumbai walikuwa na magari yao ya farasi waliyoyaita Victoria, watalii wakipiga picha nayo karibu na bahari, mpaka Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2015 ikasema basi, yaondolewe, farasi wanateswa. Shikilia hapo kwenye farasi wanateswa. Nitarudi.

Kwa hiyo nyanya anaposema gari ni chochote chenye gurudumu, hajakwama 1963. Yuko karibu na asili ya neno kuliko wewe na mimi. Sisi ndio tuliolibana likawa Toyota tu. (Mwalimu wa yule dogo wa kidato cha tatu, usinitafute. Najua mtihani una majibu yake. Dogo, andika majibu ya mtihani.)

Kesi ya nyanya ningeifunga hapo. Tatizo langu mimi nikishaanza kutafuta kitu usiku silali. Nikajiuliza swali la kijinga: kama gari lilikuwa la farasi, mbona hapa kwetu hatukuona farasi? Ukiuliza Diani utaonyeshwa ngamia wa watalii pale ufukweni, amevishwa vishada, anapigwa picha. Farasi wa kuvuta magari, hapana.

Jibu liko juu yako ukiwa Kwale mjini. Milima ya Shimba. Mle msituni kuna mbung'o, wale nzi wanaouma kama wanakudai, na mbung'o anabeba vimelea vinavyoua farasi, ng'ombe na punda kwa ugonjwa wanaouita nagana. Sehemu kubwa ya Pwani na nyika nyuma yake ilikuwa hivyo. Hii ndiyo sababu misafara ya kwenda bara ilibebwa na wapagazi kichwani miaka na miaka. Watu hawakuwa wamekosa akili ya kutumia mnyama. Mnyama alikuwa anakufa njiani. Hata Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, wanyama wao wa mizigo walikufa ovyo.

Basi Mombasa walifanyaje? Hapa ndipo niliposhika kichwa.

Mwaka 1888 kulikuwa na kampuni ya Waingereza iliyopewa kibali cha kusimamia huku kwetu, IBEA. Mwaka 1890 ikaanza kutandika kireli chembamba kutoka Pwani kwenda bara. Wakafika maili saba hivi, pesa na nia vikaisha. Zile reli wakaja kuzitumia mjini Mombasa. Wakatandika njia kwenye kisiwa, kutoka upande wa Mji wa Kale kuelekea Kilindini, na juu yake wakaweka vibehewa vidogo: benchi, paa la turubai la kuzuia jua, basi. Waliviita trolley. Wengine waliandika gharry. Ndiyo, neno lile lile la farasi. Wakubwa wa serikali na wafanyabiashara walikuwa na vyao binafsi, na njia ndogo zilizochepuka mpaka kwenye nyumba zao kama vile leo mtu anavyokuwa na geti na maegesho. Viliendelea mpaka miaka ya 1920, magari ya injini yalipovifukuza.

Farasi hayupo. Injini hakuna. Kinasukumwa na nini?

Watu. Wanaume wawili, mara nyingine zaidi, wanakimbia nyuma miguu juu ya reli, wanasukuma kwenye mpando, na kwenye mteremko wanadandia kwa nyuma ili wapumue. Abiria amekaa mbele na kofia yake. Picha zipo, nyingine zilikuwa kadi za posta za kutumiwa nyumbani Ulaya. Nilizitazama kwenye simu mpaka saa nane usiku. Nilizoziona mimi, maandishi ya chini yanataja chombo na mji. Gari lina jina. Mombasa ina jina. Wanaosukuma wamesimama pale pale katikati ya picha, wanatazama kamera, na hakuna aliyeandika hata mmoja anaitwa nani.

Ukitaka kuona kitu cha karibu na hicho leo, nenda Likoni feri saa moja asubuhi, ukae pembeni pale meli inapofungua. Kabla magari hayajatoka utaona mikokoteni inashuka. Jamaa mmoja mbele kati ya ile mikono miwili ya mbao, mzigo wa nazi au wa soda nyuma yake uzito wa Probox mbili, anateremka yeye amejiegemeza nyuma, visigino ndio breki. Sisi tuko pembeni tunapiga kelele "oya pisha!" Angalau neno mkokoteni halifichi kitu. Limetoka kwenye kukokota. Ukilisikiliza vizuri ni kama amri: mkokoteni! Toroli ya Wazungu yenyewe iliishia pabaya zaidi, Tanzania leo toroli ni wilbaro.

Sasa lile jambo la pili.

Mwezi wa sita, siku ya mvua, ndugu yangu aligongwa. Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja, lakini nitamwita ndugu yangu tu kwa sababu ndivyo alivyo. Anaendesha boda Ukunda. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, upande wa Tiwi, matatu ilisimama ghafla kuchukua abiria, yeye akakwepa, lami ilikuwa na maji, akaenda chini na gari lililotoka nyuma likampitia mguu. Abiria wake hakuumia sana, alhamdulillah. Simu ya ndugu yangu ikapotea pale pale. Unajua tena ajali zetu, wanaokuja kusaidia na wanaokuja kuokota wanafika pamoja.

Mwenzake wa steji akanipigia. "Boda yenu imegongwa." Nikauliza, "Pikipiki au yeye?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Vyote."

Tukatoka mimi na mama mdogo. Hospitali ya kwanza tukasema jina lake, la kwake na la baba yake. Wakaangalia kitabu. Hakuna mtu wa jina hilo. Tukakimbia nyingine. Hakuna. Tukaenda ya tatu, tukarudi njia nzima na tuktuk, mama mdogo anasoma dua kwa sauti, mimi nafikiria yale ambayo hata wewe ungefikiria. Saa tatu zilipita hivyo. Kisha tukarudi ile ya kwanza, kwa kukosa pengine pa kwenda, na mlinzi wa getini, mzee mmoja, akatuuliza tunamtafuta nani. Mama mdogo akaeleza kila kitu. Mlinzi akasema:

"Kuna boda moja ililetwa mchana."

Alikuwa ndani siku nzima. Kwenye kitabu, pale pa jina, paliandikwa "Boda, ajali". Mwenyewe alisema jina lake kwa mtu fulani alipofika, anakumbuka, lakini zamu ikabadilika. Mguu ulihitaji kufanyiwa upasuaji na walikuwa wanasubiri mtu wa kwao aje kutia saini. Alikuwa amelala pale anaskia watu wakipita, na kwa saa tatu hakuna aliyesema jina lake, kwa sababu sisi tuliokuwa tunalisema tulikuwa upande mwingine wa mlango.

Siitaji hospitali, na sitaitaja hata mkinibembeleza kwenye DM. Ile siku walikuwa wamejaa mpaka korido, na aliyeandika kitabu aliandika neno ambalo sote tunalitumia. Mguu ulifanyiwa, una chuma, anatembea na gongo moja sasa. Shida yangu ni lile neno.

Rudini kwenye sentensi ya mlinzi. Mlioketi darasani mkikariri ngeli, hii ni yenu. "Kuna boda moja ililetwa." Moja. Ililetwa. Hiyo ni I-ZI, ngeli ya meza, ya nyumba, ya kalamu, ya chupa ya soda. Mtu ni A-WA. Mmoja, aliletwa. Na hatusemi hivyo kwa kukosea. Jiskilize mwenyewe kesho: "boda imefika", "boda inaniletea chakula", "boda imenichelewesha, ni jinga sana". Jinga, si mjinga. Hakuna Mpwani atakayesema "daktari imefika", ulimi wenyewe utakataa. Lakini boda imefika inateleza kama uji.

Na hapa ndipo farasi wangu aliponirudia usiku. Wanyama wako ngeli gani? A-WA. Farasi amefika, farasi anavuta, farasi ameumia. Punda wa Lamu, A-WA. Ngamia wa ufukweni pale Diani na vishada vyake, A-WA. Hata mbung'o aliyewaua hao farasi, A-WA. Angekuwa ni farasi wa gari la kukodi amelazwa na mguu umevunjika, yule mlinzi angesema "kuna farasi mmoja aliletwa mchana". Ndugu yangu alipata I-ZI.

Neno boda halina hatia. Lilianza mpakani Kenya na Uganda, kule Busia, watu wakivusha abiria kwa baiskeli, border mpaka border, tangu miaka ya 1960. Lilikuwa jina la safari. Likawa jina la baiskeli, likawa la pikipiki, kisha siku moja ambayo hakuna aliyeiona likamrukia aliyekaa juu yake likamfunika. Matatu halikufanya hivyo, na lina umri: lilikuwa mapeni matatu, nauli, kisha likawa gari, likaishia hapo. Ndani ya matatu bado kuna dereva na kuna makanga, na makanga hata umtukane bado unamtukana kwa A-WA.

Sasa ya kwangu. Pale korido nilitoa simu niwapigie watu wa nyumbani kwamba tumempata. Katika kutafuta namba nikapita kwenye yake. Mimi, ndugu yake, tuliyelala kitanda kimoja mpaka darasa la sita, nimemsevu "Boda Wetu".

Na kuna zaidi. Mnaonifuata kitambo mnajua zile skiti zangu, "boda za Ukunda zikiona mzungu", "boda ikikosa chenji", zile zote. Nilihesabu, ni tisa. Yeye ndiye aliyekuwa ananisaidia kuzirekodi, pikipiki ni ile yake. Nimefuta nane. Ya tisa sijafuta, ndiyo iliyonilipia simu hii, na bado inaingiza kitu. Sitawadanganya.

Nilipomweleza ndugu yangu haya yote alicheka. Alikuwa amekaa barazani kwa nyanya mguu juu ya kiti, na akanipinga vizuri kuliko mtu yeyote kwenye komenti. Akasema, "Wewe mwalimu unamwitaje? Si mwalimu? Fundi? Daktari? Mbona mimi nikiitwa kwa kazi yangu iwe ni matusi?" Akasema yeye anataka helmeti ya abiria ambayo haijapasuka, anataka watu walipe walichopatana bila kuanza drama wakifika, na zile pesa za steji za kila siku zipungue. "Ukishanipatia hizo, niite hata mkokoteni."

Nilikosa jibu siku ile. Nimelipata baadaye kidogo, kama kawaida yangu, nikiwa naoga. Mwalimu ni mtu. Fundi ni mtu. Lile ni jina la kazi ya mtu. Boda ni chombo. Hakuna anayemwita mwalimu chaki, wala daktari sindano. Tukisema "sindano imeingia wodini" kila mtu ataelewa kitu kingine kabisa. Na hizo helmeti na hizo nauli, si vitu mbali na neno. Ukibishana na "boda" juu ya shilingi ishirini huoni uso. Unabishana na mashine iliyokataa kurudisha chenji.

Anaweza kuwa na haki kwamba nafikiria sana. Lakini niliona kitu juzi. Amepata helmeti mpya, amekaa na kalamu ile nene ya kuandikia maboksi, anaandika kwa nyuma jina lake lote na namba ya mama yake. Sikusema kitu. Yeye pia hakusema kitu.

Nimalizie na nyanya kwa sababu ndiye aliyeanzisha. Baada ya hizi zote nilirudi kwenye vidio yake, ile nzima ambayo sikuposti, dakika nne. Kuna kipande nilikikata kwa kuona ni kirefu na hakina kichekesho. Dereva wa tuktuk anakuja barazani kuchukua nauli yake, kijana tu kama mimi. Nyanya, aliyeita tuktuk gari, boda gari na wilbaro gari, anamwangalia na kumuuliza, "Mwanangu, wewe ni wa nani?" Kijana anasema jina la baba. Nyanya anauliza baba wa wapi. Gazi. Gazi ya juu au ya chini kwa baharini? Mama je? Inachukua dakika mbili nzima, mimi nyuma ya kamera nasikika nikipumua kwa kuchoka, na mwishowe inatokea kwamba bibi yake kijana na nyanya waliwahi kuuza samaki pamoja. Akapewa maji ya kunywa na mapapai mawili ya kupeleka kwao. Nauli nikalipa mimi.

Kile kipande nakiposti kesho, kizima, bila muziki. Na leo hapo chini sitaki emoji za moto. Yule anayekupeleka shule au kazini kila asubuhi, umempanda mwaka mzima, anaitwa nani? Andika jina. Kama hulijui, kesho muulize kabla hajawasha, halafu urudi hapa uliandike.

Mimi nishabadilisha kwenye simu.